Fimbo Nane za Bendera Kwenda Changsha

Jumatatu, 10 Novemba
Jumapili tunashindana Changsha! Vikundi vya wageni, kurusha na kudaka bendera kwa muziki. Sisi Watanzania wa Guangzhou tuko wanane, kocha akiwemo. Kocha ni Bi Kazija, muuza vitenge, aliyecheza halaiki Zanzibar enzi za usichana wake na hadi leo anatuhesabia hatua kama askari. Mimi kanipanga nyuma. Mbele kamweka Aloyce! Eti ana mikono mirefu. Nami nimeshamwambia binti yangu Fathiya, kule Tanga, kwamba baba yake ndiye kiongozi. Atatazama moja kwa moja kwenye simu ya mama yake. Miaka miwili hatujaonana. Lazima niwe mbele.

Jumanne, 11 Novemba
Nimepata njia. Fimbo za bendera ni ndefu, treni haizikubali. Nimejitolea kuzituma kwa wakala wa mizigo. Bi Kazija kaniombea dua. Masikini! Atakayezipokea kule ndiye atakayezigawa, na ya mbele ataishika nani? Aloyce akashauri tununue za kukunja. Nikamwambia hizo ni za watoto. Raha iliyoje.

Jumatano, 12 Novemba
Nimezifunga kwenye kiroba, nikaandika alama ya mzigo kwa kalamu nene, nikakabidhi ofisi ya mizigo pale Tianxiu. Miaka kumi na moja nafunga masufuria ya kuuza Tanga, hakuna wa kunifundisha. Bendera zenyewe anazo Bi Kazija begini. Jioni nikajizoeza kurusha kwa mpini wa ufagio. Taa ya mwenye nyumba imevunjika.

Ijumaa, 14 Novemba
Nimempigia wakala wa Changsha. Meiyou, hakuna kiroba. Nikapiga Tianxiu. Dada wa ofisini akauliza niliandika alama gani. Nikafungua picha niliyoipiga. MURSHID–TANGA! Alama yangu ya siku zote. Mkono umeandika wenyewe! Dada akasema kwa upole kwamba kiroba kimepakiwa pamoja na masufuria yangu, na kontena limeshaondoka. Fimbo zinakwenda Tanga kwa meli. Sijamwambia mtu. Huenda ikatokea nafuu.

Jumamosi, 15 Novemba
Haikutokea. Nimemwambia Bi Kazija treni ilipokwisha kuondoka, asije akaniacha kituoni. Nikaeleza yote, hadi habari ya Fathiya. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma.

“Mdogo wangu Murshid,” akasema, “wenzio wamefanya mazoezi miezi mitatu. Kama shida yako ni mtoto, si ungeniambia?”

Nikaona haya, haya ya kweli. Tuliposhuka, Aloyce akatupeleka kwenye duka la vyombo. Kuna mianzi mirefu ya kuanikia nguo! Ila laoban, mwenye duka, alikuwa nayo saba tu, na sisi wanane. Wote wakanigeukia.

Jumapili, 16 Novemba
Kila kikundi kinatakiwa kuwa na mtu wa kubeba kibao cha jina. Bi Kazija kanipa kibao. Kaniamuru nitembee, nisimame, nisiguse kitu. Nikakubali kinyonge. Mpaka tunaingia uwanjani ndipo nikagundua kwamba mbeba kibao hutangulia. Mbele ya Aloyce! Mianzi ikapaa, bendera zikapepea, Aloyce akadaka hata ya Bi Kazija iliyomponyoka. Wa tatu kati ya vikundi kumi na viwili! Fathiya akapiga simu papo hapo.

“Baba, nimekuona,” akasema. “Wote wanakufuata wewe.”

Nikalia, sioni aibu kuandika.

Jumatatu, 17 Novemba
Guangzhou. Nimetafakari sana. Fimbo zingefika, leo ningekuwa nani? Kumbe mpango haukuwa na kasoro hata moja. Mwakani mashindano ni Chengdu. Nikaomba nisimamie sare, Bi Kazija akakataa kabla sijamaliza kusema. Basi, nitasimamia tiketi za ndege. Pasipoti zote nane ninazo hapa mezani, nilizikusanya stesheni nikisema mlinzi anazihitaji. Bado hawajagundua kwamba sijazirudisha.