Mkaguzi wa Matango

Ray Dombek alipolitafuna tango la chumvi la Bibi Bronia Kulczyk, kwenye sherehe ya uwanjani ya kanisa Katoliki kule kusini mwa Milwaukee, alisikia mlio wake, akasikia na riziki ikimwita.

Zielke, mwenye baa ya kona, alikuwa naye ameonja.

"Nitafutie mbegu zake nipande nyuma ya baa," akamwambia Ray. "Chumba cha juu kitakuwa chako, kodi hulipi."

"Hesabu umepata."

"Zisipoota?"

"Chukua gari langu."

Gari hilo ndimo alimokuwa akilala, kwa hiyo msidhani alitoa ahadi ndogo.

Kesho yake akabisha kwa Bibi Bronia amefunga tai, shingoni kaning'iniza kitambulisho alichojichorea mwenyewe.

"Shikamoo bibi. Mimi mkaguzi, natoka Chama cha Kulinda Matango ya Asili."

"Marahaba. Kumbe matango nayo yana chama?"

"Tena kina mwenyekiti."

"Heee! Karibu, mkaguzi. Unakagua kwa macho tu, au hata kwa mikono?"

Ray hakuwa mtu wa kuacha mlango ujifunge. Akasema hata kwa mikono. Hapo ndipo alipoingizwa mjini, na mjini alikuwa amezaliwa.

Kiangazi kizima alikagua. Magugu aliyakagua kwa kuyang'oa, samadi kwa kuibeba ndoo kwa ndoo. Uzio wa nyuma aliukuta umeoza, akaujenga upya. Kila alipogusia mbegu, bibi alimwekea supu ya matango na viazi, akamwambia, "Kula kwanza, mwanangu. Tango halina miguu." Ray alilalamika moyoni, lakini sahani alikuwa akiirudisha tupu, na wallahi alinenepa.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, bibi akamsimamisha mbele ya mitango.

"Umenitendea wema. Chagua tango moja, lolote, ukatoe mbegu."

Juu ya fito yalining'inia matango ya kijani, mazuri ya kupiga picha. Chini kabisa, juu ya kipande cha ubao, lilikuwa limelala jitu moja la njano, ganda limepasukapasuka kama soli ya kiatu cha zamani.

"Chukua hilo la njano," bibi akasema, akitabasamu.

Ray nusura acheke. Yeye mwenyewe ameishi kwa kuwasukumia watu vibovu huku akitabasamu vilevile!

"Bibi, mimi mtoto wa mjini. Nipe lile la kijani, la juu."

"La njano, mwanangu. Nimeliacha makusudi."

"Najua umeliacha makusudi. La kijani."

"Haya. Mkaguzi ni wewe."

Ray akalipasua, akakausha mbegu, akampelekea Zielke kwenye bahasha yenye utepe. Theluji ilipoanza kuyeyuka, Zielke akazijaribu kwenye kitambaa kibichi. Zikageuka ute. Tango la kuliwa ni tango changa, mbegu zake bado maganda matupu. La mbegu huachwa mpaka linenepe, ligeuke njano na lichukize. Mtaa mzima ulilijua hilo. Ray maishani mwake alikuwa hajaotesha kitu zaidi ya uongo, na sasa hata pa kulala hana, maana Zielke alikuja mwenyewe kuchukua funguo.

Akatembea kwa miguu hadi kanisani kumlaumu bibi. Ukumbini aliwakuta majirani wakigawiana mbegu, kama kawaida yao kabla ya kupanda. Bibi Bronia alikuwa nyuma ya kikapu cha vipakiti, kila anayepita anachukua kimoja. Mbele kwenye foleni alisimama Zielke, Mlutheri ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi ule, kashika kipakiti chake, kaduwaa.

"Ray," akasema, "kumbe ni za bure!"

Ray akamgeukia bibi.

"Bure? Bibi, na kazi yote ile?"

"Ulisema unakagua. Ningemkatazaje mtu kazi yake? Ungeomba tu, mwanangu, ningekupa siku ile ile mlangoni."

"Na ulijua mimi si mkaguzi?"

"Kitambulisho ulikiandika kwa kalamu ya nyusi."

Akamtilia kipakiti mkononi, akamkunja vidole juu yake.

"Hizi ni za lile la njano. Zielke, zikiota utamrudishia gari?"

Zielke alimtazama bibi, akaona heri akubali.

"Basi mpaka zitakapoota," bibi akasema, "utalala chumba changu cha uani. Kesho uwahi kuamka. Uzio wa mbele bado haujakaguliwa."