Kachero Upepo Anashukaje?

Riziki ilimkuta Pasi amekaa kwa fundi viatu, mguu mmoja juu ya kibao. Jina hilo la Pasi alipewa na mji, kwa sababu suruali zake zilinyooka kuliko maneno yake. Siku hiyo alitaka viatu ving'ae kwa mara ya mwisho, maana jioni alikusudia kuhama. Wiki iliyopita alimuuzia muuza nyama friji kubwa, zuri, lisilo na kasoro hata moja, isipokuwa lilikuwa mali ya muuza nyama mwingine. Mnunuzi alishajua, na tangu asubuhi alikuwa akizunguka mtaa kwa mtaa na aproni yake ya kazi na kisu chake cha kazi. Pasi alihitaji nauli ya kwenda mbali, tena mbali sana.

"Hivi atashukaje?" fundi viatu akauliza, brashi ikienda.

"Nani?"

"Kachero Upepo, kaka. Kwani wewe husomi?"

Mji mzima ulisoma, ila Pasi. Ndipo akaelezwa. Kachero Upepo alikuwa jasusi wa vitabuni, mtu asiyefungika kwa kamba wala kwa ndoa. Kitabu cha mwisho kilimwacha ananing'inia kwa mkono mmoja kwenye dirisha la hoteli, maadui juu, lami chini. Kisha mwandishi wake akashikwa na homa, akafa kitandani bila kumshusha.

"Mwaka mzima mtu yuko pale," fundi akasema. "Mke wangu anamwombea dua. Mchapishaji anatafuta wa kuendeleza. Wamekwenda walimu, wamekwenda watu wa magazeti, kawafukuza wote. Anamtaka aliyekuwa karibu na marehemu."

Pasi akautazama ule mguu uliokwisha kung'aa. Hapa inafaa tuseme kitu kwa heshima: marehemu wana sifa moja ambayo walio hai hawana. Hawakanushi.

Mjane wa mwandishi aliishi vyumba viwili, na taipureta ya mumewe ilikuwa bado dirishani, imefunikwa kitambaa. Pasi aliingia na leso mkononi, machozi ameshayaanza mlangoni ili kuokoa muda.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba. Mimi ndiye yule mwanafunzi wake."

"Marahaba. Mwanafunzi yupi, baba?"

"Yule wa siri."

Mjane alikuwa mwanamke mdogo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Akaivaa, akamtazama Pasi kuanzia nywele hadi viatu, na kwenye viatu akakaa kidogo. "Mume wangu alikuwa hapendi hata paka amwone akiandika," akasema. "Kaa, baba. Unataka nini?"

Pasi alianzia mbali, kwenye urithi wa marehemu na kiu ya wasomaji, akazunguka, akatua. Mama angemtambulisha kwa mchapishaji, mchapishaji angetoa malipo ya awali, wao wangegawana, naye Pasi angepanda basi. Kitabu je? Kitabu kingejiandika.

Alitegemea kufukuzwa, au angalau kuombwa maelezo. Mjane akavua miwani.

"Vitabu vyake vyote nimevipiga chapa mimi," akasema. "Hila zote za dunia zimepita kwenye vidole hivi. Na huyo Upepo amekaa humu ndani tangu nilipoolewa. Halipi kodi, hafi, na kila mgeni akija anamuulizia yeye. Mimi hakuna anayeniuliza hata nimeamkaje. Nimemchoka. Dada yangu ananiita nikaishi naye, uwezo wa safari ndio sina. Nusu kwa nusu?"

"Nusu kwa nusu, mama. Haki ya Mungu."

"Usimsumbue Mungu. Sasa sikiliza, yule atakupima. Mwambie habari ya viatu."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Marehemu alikuwa na miguu isiyotulia. Kila akikaa kuandika, anakumbuka mtu anayemngoja mahali. Basi mkewe alimvua viatu, akamfungia mlango, na viatu havikurudi mpaka sura iishe, kwa kuwa marehemu aliipenda heshima yake na asingeonekana mjini pekupeku. Kitabu kilipochelewa, mchapishaji naye alimfungia hivyo hivyo ofisini. Siri hiyo waliijua watatu tu.

Pasi nusura ambusu mkono. Kwa uzoefu wake, uongo bila chembe ya kweli ni mboga bila chumvi.

Ofisi, ambako mjane alishatangulia kumtambulisha, ilikuwa ghorofani, juu ya chumba cha mitambo, na ilinuka gundi. Mchapishaji, mtu mnene mwenye penseli sikio hili na lile, hakumkaribisha hata kiti.

"Kila anayekuja alikuwa rafiki yake," akasema. "Nipe kitu ambacho hakijaandikwa gazetini."

Pasi akashusha sauti. "Viatu."

Penseli moja ikadondoka. "Vimefanya nini?"

"Marehemu hakuandika hata mstari mpaka mama huyu amvue viatu na kumfungia. Ndivyo alivyonifundisha. Na mimi sasa siwezi kuandika vinginevyo."

Sentensi hiyo ya mwisho ilikuwa nakshi tu. Fundi hodari ana ugonjwa wa kuongeza nakshi kazi ikishakamilika.

Mchapishaji alimtazama mjane, mjane akaitikia kwa kichwa, na bahasha nene ikatoka kwenye droo. Pasi akanyoosha mkono.

"Taratibu, mwanangu," mjane akasema kwa upole. "Tufuate utaratibu wa marehemu. Bahasha kwa mama, viatu kwa mama, ufunguo kwa mzee. Si ndivyo alivyokufundisha?"

Mchapishaji alikuwa akimkazia macho. Pasi akanyoosha mguu. "Ndivyo, mama."

Mjane akainama kumfungua kamba za viatu. "Usihofu," akanong'ona. "Nakungoja stendi. Andika ukurasa mmoja, omba kwenda msalani, uje."

Lakini choo kilikuwa humo humo ndani ya chumba. "Marehemu naye alikuwa na kibofu chenye hila," mchapishaji akaeleza, akazungusha ufunguo.

Pasi akabaki na meza, karatasi na dirisha. Akachungulia nje. Chini, mjane alikuwa akiingia kwenye teksi, na juu ya kiti cha nyuma lilikuwapo sanduku lake, limefungwa mkanda tayari kwa safari. Mtu haendi kwa mchapishaji na sanduku la nguo. Pasi aliumia moyo kweli, uchungu wa mtu aliyetapeliwa, ambao hadi siku hiyo aliujua kwa kuusababisha tu.

Akapanda dirisha. Kulikuwa na bomba la maji ya mvua, naye akaliamini, na kwa mara ya pili siku hiyo akajuta kuamini. Bomba likang'oka. Pasi akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja kwenye ukingo wa dirisha, nyayo zake nyeupe zikipepea juu ya barabara.

"Mama!" akaita. "Nusu yangu!"

Mjane akashusha kioo, akavaa miwani, akamwangalia vizuri.

"Mwanangu," akasema, "mume wangu aliugua akijiuliza mtu wa namna hiyo anashukaje. Amekufa hajajua. Ukijua, andika."

"Na viatu vyangu?"

"Shemeji yangu ana mguu kama wako."

Teksi ikaondoka. Watu walishaanza kukusanyika, na katikati yao ikapenya aproni nyeupe.

"Kumbe uko huku, bwana friji," muuza nyama akasema. "Shuka. Shuka polepole, sina haraka."

Pasi akakitazama kile kisu. Akayatazama maisha yake, ambayo kwa wakati huo yalishikwa na vidole vinne. "Mzee!" akapiga kelele kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kumdanganya mtu. "Njoo univute, nakufa!"

Mchapishaji alimvuta ndani kwa ukosi, wote wawili wakahema chini sakafuni.

"Ulikuwa unafanya nini kule nje?"

"Utafiti," Pasi akasema. "Funga mlango, mzee. Zungusha ufunguo mara mbili."

"Marehemu alikuwa akiomba afunguliwe."

"Mimi nimempita."

Akakaa mezani pekupeku. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na jambo la kweli la kusimulia. Akaandika: Kachero Upepo hakushuka. Alilia kama mtoto, akavutwa juu kwa ukosi na watu wale wale aliokuwa akiwakimbia. Kalamu ikaendelea yenyewe, mpaka mchapishaji, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake, akajifuta jasho.

"Mwaka mzima hakuna aliyewazia hilo," akasema. "Na huyu bibi mwenye miwani, anayeondoka na sanduku, anakamatwa sura ya ngapi?"

Chini ya dirisha kisu kilikuwa kikinolewa kwenye ngazi, taratibu, na mtu asiye na haraka.

"Huyo hakamatwi, mzee," Pasi akasema, akaomba aongezewe karatasi.