Kizima Mlio Kwenye Mawe ya Sauna

Ijumaa, 27 Desemba

Aibu! Leo klabuni, mbele ya wanaume kumi na mmoja, bunduki yangu ndogo ya sungura imenitia fedheha. Risasi imempata ndege wa karatasi, shabaha yetu, ikiwa imelala ubavu. Kalervo, kaka wa marehemu mke wangu Aune, akaja kuchungulia kizima mlio changu pale mbele ya mtutu. Akacheka mpaka akakohoa. "Shemeji, hiki hakizimi mlio. Hili ni bomba la moshi."

Sijakisafisha miaka ishirini, ni kweli. Bunduki hizi ndogo ni chafu, kila ukifyatua zinaacha ndani masizi na madini ya risasi. Lakini nani ana muda? Kalervo anasema chake kinafunguka, hukisugua kila mwezi. Changu kimechomelewa. Akasema nimpelekee, ana mashine ya kutikisa uchafu ndani ya maji. Nikakataa. Nimekuwa fundi bomba miaka thelathini na minane! Jumatatu ni shindano la kufunga mwaka. Atanitambua.

Nimekipima kwenye mizani ya unga ya Aune. Gramu 312. Kilipokuwa kipya, 230.

Binti yangu Maaret amepiga simu. Mimba ina miezi saba. Anakuja Jumanne na atakaa nami mpaka ajifungue. Tangu mama yake afariki mwezi Machi, nyumba hii haina sauti isipokuwa ya redio. Ombi lake moja tu: akifika, sauna ya mama, kile kibanda cha kuogea mvuke, iwe ya moto. Nikamwambia aondoe shaka. Baada ya simu nimelia kidogo.

Jumamosi, 28 Desemba

Kimelala kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Masizi yametoka, meusi tii. Madini hayajatikisika. Nimechokoa kwa sindano ya kufumia ya Aune. Imepinda. Faida: gramu sita.

Jioni nikiwa naoga saunani, nikiyatazama mawe juu ya jiko, wazo likanijia. Moto! Madini ya risasi huyeyuka upesi. Utotoni tuliyayeyusha kila mwisho wa mwaka, tukayamwaga majini tusome bahati zetu. Siku hizi serikali imepiga marufuku, eti ni sumu. Serikali inaogopa kila kitu. Mawe ya chini kabisa, yale yanayogusa chuma cha jiko, yana moto wa kutosha. Kalervo abaki na mashine yake.

Jumapili, 29 Desemba

Nimekizika kati ya mawe alfajiri na kuchochea kuni za mti wa mbetula saa sita mfululizo. Madini yakachuruzika! Nimesikia mwenyewe. Moshi mweupe kidogo, si mwingi. Kuacha joto lote lile lipotee kungekuwa dhambi, kwa hiyo nimeketi humo nikarusha maji juu ya mawe mara mbili tatu. Mdomoni ladha ya sarafu.

Kalervo alipita na mbwa wake akauliza tangu lini watu wanaoga Jumapili asubuhi. Nikasema mgongo unauma.

Kimepoa. Gramu 238! Sitini na nane zimeondoka kwa siku moja, bila mashine. Zimekwenda wapi, sikuuliza. Tumbo linanisokota. Ni soseji nilizokula jana.

Jumatatu, 30 Desemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Risasi ya kwanza tu. Kumbe moto ulikuwa umepinda visahani vya ndani vinavyomeza mlio. Kizima mlio kimepasuka mdomo, kipande kikaruka thelujini. Wanaume wakacheka wakishika magoti. Mmoja akauliza kama naanzisha fataki mapema.

Kalervo hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha. Aliokota kipande, akakigeuza, akaona rangi ya bluu ambayo chuma hupata kikichomwa sana. Akanivuta pembeni akauliza nimekichoma wapi. Nikasema kwa mhunzi. Akauliza mhunzi gani. Nikasema wa zamani.

"Ilpo. Umekichoma kwenye sauna ya dada yangu?"

Nikasema hapana. Nilimtazama machoni nikasema hapana.

Jumanne, 31 Desemba

Niliamka mapema kuwasha sauna. Nilikuwa nimeifagia, nimefungua dirisha usiku mzima, nimetundika taulo mpya. Sauna ni safi kwa macho.

Kalervo alikuwa ameketi mlangoni mwa sauna, koti limefungwa mpaka kidevuni. Mawe yote ameyapanga thelujini. Kwenye mengi madini yameganda, matone yanang'aa. Nikamwambia nitayakwangua, ni kazi ya nusu saa. Akasema yanayoonekana si tatizo. Tatizo ni yaliyopanda na moshi yakaingia kwenye mbao, na Maaret angeyavuta pamoja na mvuke, yeye na mtoto. Nikasema mimi nimeyavuta na bado nimesimama. Akasema nitazame mikono yangu. Ilikuwa inatetemeka. Baridi.

Maaret alifika saa saba. Kalervo akamwambia yote, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo.

"Baba, ulijua nakuja?"

Nilijua.

"Ulijua nataka kuoga humu?"

Nikasema nilifungua dirisha.

Hakupandisha sauti. Aliweka mkono tumboni, akaitazama sauna ambamo mama yake alimzaa. Kisha akamwambia mjomba wake amsaidie kurudisha begi garini. Atakaa kwa Kalervo. Amesema nimwone daktari, nipimwe damu. Nikasema nitakwenda. Sitakwenda.

Nimeandaa viazi na samaki kwa watu wawili. Nimekula vyote na kuvitapika.

Jumatano, 1 Januari

Nimelala nikifikiri. Kosa langu nimeliona! Sauna ina matundu mengi mno, ndiyo maana moshi ulisambaa. Kinachotakiwa ni mahali penye mlango unaofunga vizuri. Nayayeyusha madini, nayarudisha mawe yakiwa safi, Maaret anaona, anarudi. Rahisi.

Tanuri la mkate la jikoni lina mlango wa chuma kizito. Mawe kumi na mawili yameingia bila kusukumana. Moto umeshika. Tayari naisikia ile ladha ya sarafu, kwa hiyo yanaanza kutoka.

Kalervo amepiga simu. Kesho atapita kuchukua kitanda kidogo cha mtoto, kile alicholalia Maaret. Kilikuwa darini, kimeingia unyevu. Nimekishusha, nimekifuta, nimetandika blanketi la sufu, nikakisogeza mbele ya tanuri kikauke.