Chumba cha Juu kwa Mama Goretti

Jumatatu, 12 Mei

Nimepata nyumba! Yaani, nimeiona. Ghorofa moja, mtaa wa Hai Cinema, ya zamani, kuta nene ajabu, roshani ya chuma inayotazama barabara. Chumba cha juu kiko wazi. Kodi ya kibinadamu. Kutoka hapo hadi kibanda chetu cha fotokopi ni dakika saba kwa miguu. Sasa hivi nalala kwa Shem, huko mbali mtaa wa Gudele, na kila asubuhi nafika kazini na vumbi la bodaboda hadi kwenye meno. Tena Shem kanikumbusha kwamba kaka yake anakuja mwisho wa wiki. Kanikumbusha mara mbili.

Tatizo: Jumamosi mke wangu Mirembe anawasili kutoka Masaka na mtoto wetu, Kisakye. Mwezi uliopita nilimwambia kwenye simu kwamba tayari tunayo nyumba, ya juu, yenye roshani. Haukuwa uongo. Ilikuwa kweli iliyotangulia.

Mwenye nyumba ni Mama Goretti, mjane, aliyeishi ukimbizini Adjumani miaka mingi. Anakaa humo humo, chini. Amesema walioomba chumba ni sita, ataamua Ijumaa. Sita!

Jumanne, 13 Mei

Mpango: sita wapungue. Kwenye ukuta wa ngazi kuna ufa, urefu wa mkono. Saa ya chakula nilisimama pale. Kila aliyekuja kutazama chumba nilimwonyesha ufa, nikatikisa kichwa, nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kunakofanya kazi. Wawili waligeuka pale pale. Wa tatu ilibidi nimwambie kwamba jana ufa ulikuwa mfupi.

Wa nne alikuwa Opio, fundi cherehani, jirani yangu wa kibanda. Kumbe naye anakitaka! Aliupapasa ufa kwa kidole, akasema ni plasta tu. Mtu hana ubunifu hata kidogo.

Jumatano, 14 Mei

Kwa mama wa chai nimehadithiwa habari yangu mwenyewe. Imekua. Sasa nyumba ya Mama Goretti inalia mvua ikinyesha, na wapangaji wanalala na viatu miguuni. Niliogopa kidogo hata mimi.

Jioni nilimkuta Loro, mpangaji wa chini, anafunga godoro lake kwa kamba. Anahamia kwa shangazi yake, mtaa wa Kator. Hilo sikulipanga. Nilimshikia kamba.

Alhamisi, 15 Mei

Wapangaji wanne wameondoka. Ndani amebaki Mama Goretti mwenyewe tu. Alikuwa amekaa langoni kwenye kiti cha plastiki, peke yake, mikono magotini. Marehemu mumewe ndiye aliyeijenga nyumba hiyo, alisema, na vita vyote vimepita ikiwa imesimama. Nilihisi kitu kifuani. Nikanywa chai, kikapita.

Kisha nikamweleza kwa upole kwamba mimi ningeweza kujitolea kukaa humo na mke na mtoto wetu mchanga, kwa nusu ya kodi, kwa sababu ya hatari.

Akanitazama sana. "Kizza, wewe naogopa hii nyumba ama hapana?"

Nikasema mimi ni mtu wa imani.

Akasema hawezi kuweka mtoto mchanga chini ya ukuta unaoanguka. Kesho anamleta mhandisi. Sikuwa nimefikiria mhandisi.

Ijumaa, 16 Mei

Mhandisi ni dada mmoja mrefu, Nyachangkuoth, na kofia yake ngumu. Aligonga kila ukuta kwa nyundo ndogo huku mtaa mzima ukitazama. Akakwangua ufa kwa kisu. Plasta. Akatangaza, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wachoma nyama, kwamba kuta hizi ni imara kuliko za mahoteli ya Amarat, na siku hizi hakuna anayejenga hivi. Akaandika barua. Mama Goretti akaibandika langoni.

Baada ya saa moja palikuwa na foleni. Watu wa mashirika, wenye beji shingoni!

Lakini chumba cha juu kilikuwa kimeshatolewa. Amepewa Opio, kwa kodi ile ile. Kumbe jana, nilipokuwa nakunywa chai, alikuja na ndoo ya saruji na kuomba ruhusa auzibe ufa, ili Mama apate usingizi. Mama akamzuia mpaka mhandisi auone, ila hakusahau. Hila ya kiwango cha juu sana ile. Sikumdhania.

Loro naye alikuja kusikiliza. Mama Goretti akamwuliza nani alianza maneno yale. Akanyoosha kidole. "Huyu wa fotokopi." Halas, yameisha.

Jumamosi, 17 Mei

Basi lilifika saa sita. Mirembe, Kisakye mgongoni, mifuko mitatu. Nilikuwa nimetayarisha habari kwamba rangi ya nyumba bado ni mbichi. Nilifika katikati.

"Baba Kisakye," akasema, "nyumba iko wapi?"

Nikamwambia iko wapi. Akanibebesha mifuko yote, tukaenda. Njiani alinitoa habari yote, moja baada ya nyingine, bila kupandisha sauti. Langoni akapiga magoti kumsalimia Mama Goretti, kisha akamsimulia kila kitu, pamoja na mambo ambayo sikumbuki kumwambia. Hakulia. Alisema tu kwamba hana pa kulaza mtoto, na kwamba mume wake si mtu mbaya, ni mtu anayefikiri sana.

Mama Goretti akamchukua Kisakye, akampakata muda mrefu. Akasema siku alipofika Adjumani na mwanawe Goretti mgongoni hakuna aliyemwuliza kwanza kama mumewe ni mwerevu.

"Mimi iko na chumba ya nyuma, karibu na tangi," akaniambia. "Lakini hawa watu nne, nani atarudisha?"

Nikatazama huku na huku. Ni mimi.

Jumapili, 18 Mei

Loro nilimngoja nje ya kanisa kuu la Kator, misa ilipoisha. Nilimwomba msamaha mbele ya shangazi yake. Shangazi alikuwa na mengi ya kuongeza. Wa pili alicheka. Wa tatu, aitwaye Tisa, alinimwagia maji ya vyombo, kisha akauliza kama chumba chake bado kipo. Wa nne alinisamehe haraka sana, jambo ambalo lilinisumbua kuliko maji.

Godoro la Loro nimelibeba kichwani kutoka Kator. Mirembe alinipa maji ya kuoga. Alikuwa ameyapasha moto.

Jumatatu, 19 Mei

Nimetembea kwenda kazini. Dakika saba! Viatu safi.

Nimeyatafakari yote kwa utulivu. Nisingeanzisha maneno yale, Mirembe na Mama Goretti wangejuana lini? Mpango ulifanikiwa, ila ulipitia njia ndefu. Chumba cha nyuma ni kidogo, hata hivyo, na tangi linavuja. Mtoto anahitaji hewa. Roshani, kwa mfano.

Mchana, Opio akiwa anashona, nilimwuliza kijirani tu kama huwa anakagua chini ya kitanda, maana msimu huu wa mvua nyoka hupenda sana vyumba vya juu.

Cherehani ikasimama. Akauliza wa ukubwa gani.

Nikatikisa kichwa, nikanyamaza.