Kurejea kwa Kina Abu Khalil

Nyamazeni, enyi mliokaa, na wewe unayetafuna mbegu za tikiti pale mlangoni, temea maganda kiganjani utege sikio. Siwaletei habari za majabari waliovuka majangwa na panga viunoni, maana hao wamesifiwa hata wamechoka kaburini. Nawaletea Fawwaz bin Khalil wa mji wa Salt, Mwenye Mihuri, Simba wa Posta aliyestaafu na maumivu yake ya mgongo, ambaye kwa kidole kimoja aliuangamiza ukoo wake kabla hajamaliza kifungua kinywa, na kwa kidole hichohicho akaufufua kabla ya alasiri. Mola atujaalie pumzi ya kuifikisha mwisho.

Jueni kwamba katika zama hizo Fawwaz ndiye aliyekuwa katibu wa ukoo wa Qanadila. Zamani ukoo huo ulikuwa na kundi la simu, likavunjika wakati wa uchaguzi wa baraza la mji, siku binamu mmoja alipomrushia mwenzake picha ya punda bila maelezo. Tangu hapo wazee wakaafikiana kwamba tangazo lolote, la ndoa au la msiba, lipite kwa barua pepe, chombo chenye staha, ambamo mtu hutukanwa kwa kuchelewa. Na nani alifaa kuishika amana hiyo kuliko mtu aliyegonga mihuri umri wake wote, ambaye stempu ikibandikwa upande humkosesha usingizi hadi leo?

Na lililokuwa mbele yake halikuwa jambo dogo. Ijumaa ile jaha ilikuwa itoke Salt kwenda Ajlun kumposea mwanawe Khalil binti wa watu. Jaha, enyi wasikilizaji, ni wanaume: msafara wa magari na majoho, na wazee wanaoketi ukumbini bila kugusa kahawa mpaka mwenye nyumba aseme, "Kunyweni, mmepewa." Baba anayekwenda kuposa na watu wa kujaza sofa moja amekwisha kumwambia mkwe kwamba bintiye hakustahili petroli. Posa kadhaa zimekufa hivyo, na vijana wakaoa kwingine kwa huzuni.

Msemaji wa jaha hiyo, kwa haki ya umri, alikuwa Nayef, kaka yake Fawwaz wa tumbo moja. Lakini Nayef hakuwamo tena katika kitabu cha anwani. Fawwaz alikuwa amemfuta kwa mkono wake, kwa makusudi, siku chache nyuma. Sababu ni kwamba katika matanga ya shangazi yao, Fawwaz aliposimama mbele ya ukumbi mzima kuwashukuru waliokuja, Nayef aliinuka, akamnyang'anya karatasi katikati ya sentensi, akaisoma yeye hadi mwisho. Mbele ya watu! Mtu aliyesoma anwani za ufalme mzima! Jabari alirudi nyumbani kimya, akafungua kompyuta, akalitafuta jina lililoandikwa "Kaka", akaliondoa duniani.

Basi asubuhi ya Jumatano akaketi mbele ya mashine, sahani ya zaatari, yale majani makavu ya kuchovyea mkate, na mafuta mkono wa kushoto, ili awaite mashujaa wake. Na ile programu ya barua, adui aliyejivika adabu ya mgeni, ikamwuliza kwa herufi ndogo: Kuna majina yanayojirudia. Niyaondoe?

Mwenye Mihuri akatabasamu. Kujirudia! Uchafu huo Posta hawakuuvumilia hata siku moja. "Yaondoe," akanena, akabofya.

Hapa kila mtu wa Salt anayesikia kisa hiki hujishika kichwa. Maana mzee wa kwanza wa Qanadila aliitwa Khalil, na kila tumbo la ukoo, kwa heshima yake, limezaa Khalil wake na kumweka mbele. Na kwa kuwa mtu mzima hapa haitwi jina lake kama mtoto wa shule, bali huitwa kwa mwanawe wa kwanza, wanaume wa Qanadila wote ni Abu Khalil, yaani Baba Khalil. Ukisimama soko la Hammam ukaita jina hilo, nusu ya soko hugeuka na nusu nyingine huuliza, "Yupi?" Fawwaz alikuwa amewaandika wote hivyo, kwa staha, kila mmoja na anwani yake, naye akiwajua kwa anwani kama mchungaji anavyowajua mbuzi. Ile programu, isiyo na ami wala shangazi, iliona mtu mmoja aliyeandikwa kwa fujo. Ikafyeka. Ikambakiza Abu Khalil mmoja tu, na huyo alikuwa Fawwaz mwenyewe.

Naye hakujua. Akaandika mwaliko mrefu wenye dibaji, akawasihi watu wake kwa damu na kwa chumvi wamheshimu kwa kufika kwao, kisha akautuma kwa wote waliomo. Mara kengele ya mashine ikalia. "Upesi ulioje wa uaminifu!" akasema, akaifungua barua iliyoingia. Ilikuwa yake. Ilimsihi yeye, Abu Khalil, amheshimu Abu Khalil kwa kufika kwake. Akaisoma yote, na kusema kweli, ilimgusa.

Alikuwa bado ameguswa hivyo mlango ulipogongwa, akaingia jirani yake Abu Hatem, daktari wa meno, mtu mwema asiyejua kunong'ona.

"Jirani, asubuhi njema! Nimepata mwaliko wako, Mungu akuzidishie. Ila nimetazama juu pale, majina ya mlioalikwa." Akakohoa. "Ni mimi, wewe, na yule muuza matairi wa njia ya Amman. Sasa tunakwenda kuposa au kubadilisha gurudumu?"

Fawwaz akageukia kioo, akapandisha, akateremsha. Palikuwa peupe. Pale palipokuwa na ami zake na binamu zake na wana wa binamu zake, palikuwa na daktari, matairi, na yeye. Akainuka, sahani ya zaatari ikapinduka, akapaza sauti iliyofika jikoni.

"Ee Umm Khalil! Leo Qanadila wamekwisha! Simba wamelala, majoho yamebaki bila mabega, na aliyewaua ni huyu uliyelala naye!"

Mkewe Raifa akatokea na jani la mzabibu mkononi, wali aliokuwa akiufunga humo ukining'inia. "Nani kafa?"

"Wote!"

"Wote akina nani, mwanaume wewe? Sasa hivi nimetoka kuongea na mke wa Abu Khalil wa juu, anaulizia sufuria yangu. Mfu anapikiwa kwenye sufuria?"

"Nimewafuta, Umm Khalil. Kutoka kitabuni."

Raifa akaketi. Alikuwa mwanamke wa kucheka haraka, lakini hakucheka, kwa sababu yeye ndiye aliyempigia simu mama wa binti miezi yote ile, yeye ndiye aliyemwona Khalil akikonda kwa hofu ya kukataliwa. "Keshokutwa ni Ijumaa," akasema polepole. "Mtoto kaniuliza jana magari mangapi. Nikamwambia barabara haitatosha."

"Wapigieni simu basi," akasema Abu Hatem.

"Simu!" Fawwaz akamgeukia kama mtu aliyetukaniwa dini. "Ewe mng'oa meno, hujui unalolisema! Nikianza na wa juu, wa bondeni atauliza kwa nini yeye wa pili. Nikianza na wa bondeni, wa juu hatatoka kitandani. Atakayepigiwa mwisho atakuja na maneno yake, na maneno hayo yatarithiwa na wajukuu. Barua huingia kwa wote kwa pigo moja, hapana wa kwanza, hapana wa mwisho. Ndiyo amani ya ukoo huu, nami nimeichoma moto!"

"Kasema kweli," Raifa akamwambia daktari. "Mimi mwenyewe ningenuna."

Hapo ndipo ilipoanza safari ambayo mgongo wa Fawwaz haujaisahau. Kwanza akashuka katika pipa la takataka la ile programu, shimo lisilotembelewa na yeyote tangu kompyuta inunuliwe. Akapita kati ya matangazo ya vifaa vya kusikilizia, salamu za Idi za miaka iliyokwisha, na barua ya mwanamfalme asiyejulikana aliyetaka kumwachia urithi. Akaita, "Mpo?" Hawakuwepo. Barua zilizotupwa hukaa pipani, lakini watu hawakai humo, na jambo hilo hakuna aliyewahi kumwambia.

"Zima, washa," akashauri Abu Hatem. "Mimi hata jino bovu naanza na subira."

Wakazima. Wakawasha. Mashine ikasema inajisasisha, isizimwe, nayo ikajisasisha kwa ukaidi wa ngamia aliyepiga magoti, hata Raifa akawa amekwisha kufunga majani ya sufuria nzima. Ilipoamka, palikuwa vilevile peupe, ila sasa rangi ilikuwa ya buluu. Daktari akasema angalau inapendeza.

Ndipo jicho la Mwenye Mihuri, jicho lililowahi kugundua bahasha ya Madaba ndani ya gunia la Maan, likatua juu kwenye pembe ya kioo, penye kigurudumu chenye meno ambacho alikuwa siku zote akikidhani pambo. Akakibofya. Lango likafunguka, na ndani ya lango kulikuwa na maneno: Rejesha anwani kama zilivyokuwa. Na chini yake njia nne: saa moja iliyopita, jana, wiki iliyopita, mwezi uliopita.

"Allahu akbar!" akanguruma Abu Hatem, hata paka akatoka.

Saa moja ilikuwa imekwisha kupita kwa kule kujisasisha. Fawwaz akaupeleka mshale kwenye "jana". Jana walikuwamo wote, kila Abu Khalil mahali pake. Kidole kikainuka.

"Ngoja," akasema Raifa. "Rudi nyuma zaidi."

Mshale ukasimama. "Jana yatosha, Umm Khalil."

"Jana inatosha kwa kina Abu Khalil. Kwa Nayef haitoshi."

Basi, enyi wasikilizaji, Abu Hatem aligundua picha ukutani, akaenda kuitazama kwa makini.

"Huyo," Fawwaz akanena, na sauti ya mimbari ikamrudia, "huyo aliniaibisha mbele ya Salt yote! Aliitoa karatasi mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu! Mimi Fawwaz, niliyesoma mwandiko wa kila kikongwe na kila daktari, nionekane sijui kusoma katika matanga ya shangazi yangu? Acha mwingine aisemee jaha. Ulimi haukuisha Qanadila."

"Ulikuwa unalia, bin ami," akasema Raifa, akimwita kama wake wa Salt wanavyowaita waume zao.

"Mimi?"

"Wewe. Ulifika pale ulipotajwa mkate wa marehemu, ukawa unarudia mstari uleule, machozi yanadondokea karatasi. Watu wameanza kutazama viatu vyao. Nayef kasimama akakuokoa, tena akasoma vibaya, maana wino ulishatawanyika." Akajifuta mikono kwa aproni. "Ukumbi mzima ulijua. Ni wewe tu hukujua, kwa sababu ulikuwa huoni."

Fawwaz akavua miwani, akaigeuzageuza. Alikuwa akikumbuka kwamba siku ile karatasi ilikuwa na ukungu, naye alidhani ni miwani. Moyo ulimuuma sana, na uchungu huo haukuwa wa hasira hata kidogo.

"Hamwambiani yanayowauma, nyie ndugu wawili," akaongeza Raifa kwa upole. "Mnafutana tu. Bofya, chakula kinapoa."

Akaupitisha mshale juu ya jana. Akaupitisha juu ya wiki, ambayo hakuwa na hakika nayo. Akaufikisha kwenye mwezi, akasoma Bismillahi, akapiga.

Kioo kikatetemeka. Kisha wakaanza kurejea: Abu Khalil wa juu na Abu Khalil wa bondeni, Abu Khalil mwenye tanuri, Abu Khalil aliyehamia Zarqa na kulijutia, Abu Khalil kiziwi ambaye barua ndiyo njia pekee ya kumpata. Walikuja safu juu ya safu hata kioo kikawa hakiwatoshi, na Fawwaz akiwasoma mmoja mmoja kwa anwani zao, midomo ikimchezacheza. Chini kabisa, peke yake, akatokea "Kaka".

Akautuma mwaliko upya kwa wote, kwa pigo moja. Abu Hatem akaomba maji.

Majibu yakanyesha. Tupo, tupo, magari tayari, nani analeta bendera, bendera ya nini, hii si vita. Lakini jina moja halikujibu. Chakula kikaliwa, sufuria ikaoshwa, adhana ya alasiri ikakaribia, naye Fawwaz bado amekaa mbele ya kioo, mikono magotini. Ndipo simu ikaita.

"Fawwaz."

"Naam, kaka."

"Nimesoma barua yako. Unanisihi nikuheshimu kwa kufika kwangu. Mimi! Nasihiwa kwenda kumposea mwanangu! Ndiyo adabu uliyofundishwa Posta?"

"Imetumwa kwa wote hivyo, kaka."

"Mimi ni wote?" Upande wa pili pakasikika pumzi nzito, kisha kiti kikilalamika. "Joho langu limenyooshwa tangu Jumapili. Mke wangu ananiuliza unakwenda wapi, namwambia sijui, sijaalikwa. Nani atasema Ijumaa?"

Fawwaz akatazama ukuta. "Nilifikiri niseme mwenyewe."

"Utalia."

"Nitalia," akakiri Simba wa Posta.

"Basi nitasema mimi," akasema Nayef, "wewe kaa karibu yangu, na uje na leso."

Andikeni, enyi wenye kalamu, na mlio na kumbukumbu tu kumbukeni! Majeshi mengi yamewahi kurudi nyuma, na yote yakahesabiwa yameshindwa. Ila Fawwaz bin Khalil, siku ile ya Jumatano mjini Salt, alirudi nyuma mwezi mzima bila kuinuka kitini, na akashinda.