Jinsi Ngurumo Alivyomsifu Mtoto Mmoja

Sogeeni, enyi wenye masikio! Acheni kusahihisha madaftari, wekeni chini vikombe vyenu vya chai, nanyi mlioegemea madirisha ya ofisi ya walimu mkijifanya hamsikii, geuzeni nyuso zenu huku. Naleta habari ya vita visivyomwaga damu bali jasho tele, na ya shujaa ambaye mchana kweupe, mbele ya mashahidi, alipambana siku nzima kumwambia mtoto neno jema moja. Watakaozaliwa baada yetu watabisha. Wabishe! Mimi niliona kwa macho yangu, kwa maana maabara yangu ya sayansi inatazamana na uwanja ambao mambo hayo yalitendeka.

Shujaa wetu ni Mwalimu wa Nidhamu, mwenye filimbi shingoni na viatu visivyo na kishindo, bingwa wa kunyata, mtekaji wa wachelewaji, ambaye wanafunzi walimwita Ngurumo, naye akalipokea jina hilo kama nishani. Silaha yake kuu ilikuwa barua ya kumsimamisha mtoto masomo. Walimu wengine huandika barua baada ya kosa. Ngurumo alikuwa nazo droo nzima, zimeshagongwa muhuri, zinangoja jina tu. Aliyetafuna peremende darasani, nyumbani! Aliyechomoa shati, nyumbani! Hata yule mtoro aliyesakwa mitaani kwa sababu hapendi shule alihukumiwa kukaa wiki mbili bila kuja shule, akaipokea hukumu hiyo huku amejaa tabasamu, na Ngurumo akarejea ofisini kifua mbele kama mtu aliyeteka mji. Sisi wenzake tukampisha kiti.

Ndipo alipotufikia Mwalimu Mkuu mpya, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, akatuita kikaoni asubuhi moja na kutoa amri ambayo haikuwahi kusikika katika nyumba ile.

"Walimu, kuanzia leo hakuna mtoto atakayesimamishwa masomo kabla mwalimu anayemlalamikia hajamkuta akifanya jambo zuri," alisema. "Amkute, amwambie wazi ni jambo gani, amshukuru. Mkiniambia mtoto hana zuri hata moja, nitajua hamjamwangalia."

Kisha Ngurumo akainuka, akaishika filimbi yake kama mfalme ashikavyo upanga, akanguruma:

"Walimu wenzangu! Nimekula chumvi nyingi katika kazi hii. Nimewafukuza watoto ambao leo ni watu wazima wenye heshima zao! Tangu lini mtoto akashukuriwa kwa kukaa kwenye kiti? Si ndicho alichokuja kukalia? Leo tumshukuru kwa kukaa, kesho atadai tumpigie makofi akisimama! Mimi nitakufa nimesimama, lakini asante kwa mtoto haitanitoka!"

Tulimpigia makofi mazito, maana sisi ni mashujaa wakubwa pale mwingine anaposema.

"Nimekusikia, mwalimu," alijibu Mwalimu Mkuu. "Utaanza na nani?"

Alikuwa naye tayari. Darasa la saba lilikuwa na msichana aliyebandikwa jina la Kidomo, kwa sababu neno likimfika mdomoni halilali. Kosa lake la karibuni ni kwamba Ngurumo aliliuliza darasa kwa hasira, "Mnadhani mimi ni mjinga?" naye akajibu kwa adabu zote, "Hapana, mwalimu, hatujasema." Darasa lilicheka mpaka madawati yakatikisika. Mwaka ule alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani mara mbili, na mtihani wa kufunga mwaka ulikuwa unakaribia; atakayeukosa harudi tena darasani. Shangazi yake, mshonaji anayemlea peke yake, alikuwa ameshasema mbele yetu sote: "Wakikurudisha tena, mwanangu, basi. Utakaa kwenye cherehani na mimi. Sitafunga kibanda kila siku nije kusemwa hapa." Na msichana yule, niwaambieni ukweli, alipenda kusoma kuliko wengi wetu tunavyopenda kufundisha.

Ngurumo akaliandika jina lake kwenye barua, akaitia mfukoni, akampigia shangazi simu aje mchana ule ule. Maana katika hesabu zake, kumsifu mtoto ni kazi ya dakika moja, kama kupiga chafya. Atasifu, atamaliza, na barua itafanya kazi yake. Ole wake jemadari asiyejua nchi anayoivamia!

Asubuhi ile shujaa alijificha nyuma ya tangi la maji, kwa kuwa maisha yake yote hakujua njia nyingine ya kumkuta mtoto. Alichuchumaa, akapunguza pumzi. Kidomo akapita, akaona chupa tupu ya plastiki, akaiokota, akaitupa kwenye pipa la taka. Hapo Ngurumo akachomoka kama radi, filimbi ikalia, mkono ukatua kwenye ukosi wa msichana.

"Nimekukamata! Nimekuona kwa macho yangu mawili!"

"Si mimi, mwalimu!"

"Usikatae! Umeokota chupa!"

"Sijaokota, mwalimu, haki ya nani! Nimeikuta tu hapo chini!"

"Nasema umeokota, na umeitia kwenye pipa!"

Kidomo akaingiza mkono ndani ya pipa, akaitoa chupa, akairudisha chini pale pale ilipokuwa. Kisha akakimbia. Shujaa alibaki na filimbi mdomoni na chupa miguuni, nami nyuma ya dirisha langu nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Hakukata tamaa. Saa ya mapumziko alimnyemelea tena, safari hii dirishani, paji la uso limegandana na kioo. Msichana alikuwa anafuta ubao bila kutumwa. Watoto walipouona uso ule, darasa zima lilisimama, kila mmoja akitafuta moyoni kosa lake.

"Wewe! Umefuta ubao, siyo?"

"Nani kasema, mwalimu?"

"Mimi ndiye ninayesema! Umeufuta vizuri! Na ningependa kujua siku zote hizo ulikuwa wapi usiufute!"

Mwalimu Mkuu alikuwa anapita barazani. "Hiyo haihesabiki, mwalimu," alisema, akaenda zake.

Ndipo shujaa alipokuja kwangu, maji yamemfika shingoni, kwa kuwa shangazi alikuwa njiani. Akataka mahali pa kufanyia mazoezi. Nikampa kiunzi cha mifupa cha plastiki ninachofundishia. Akakikabili, akakohoa, akakaza misuli ya shingo. "Asante kwa... asante kwa kusimama wima." Mifupa haikumjibu lolote, na hilo likampa moyo. Mwalimu Mkuu akaingia, akamtazama kwa huruma ambayo mimi sikuwa nayo. "Vua filimbi," alimwambia. "Inama umfikie. Sema ulichokiona, sema asante, halafu nyamaza. Usiongeze kitu." Akaivua. Nawaambieni, shingo ile bila filimbi ilionekana nyembamba kama ya mtu mwingine.

Kengele ya mchana ikalia. Watoto wakakimbilia madarasani, na uwanja ukabaki mtupu isipokuwa pale bombani. Bomba letu lina kishikio kigumu. Usipokikandamiza kwa nguvu zote, maji yanakata. Mtoto mdogo wa darasa la kwanza alikuwa amekwama nalo, na Kidomo amemshikia, amekikandamiza kwa mikono yote miwili, anangoja chupa ijae. Alikuwa anachelewa darasani, na kuchelewa ni kosa.

Hapo ndipo vita vyenyewe vilipopiganwa. Niliuona mkono wa Ngurumo ukipanda shingoni wenyewe, ukitafuta filimbi, ukaikosa. Niliuona ukishuka mfukoni, kwenye barua. Jasho likamtoka. Majeshi ya miaka yake yote ya kazi yakamsukuma kwa nyuma yakimwambia, mchelewaji yule, mchelewaji yule! Naye akatembea, tena kwa kishindo ili asikike, akafika bombani, akainama, na magoti yake yakalia kama mlango mkavu.

"Nimekuona umemshikia mwenzako bomba," alisema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. "Asante."

Akanyamaza.

Kidomo aliweka mikono nyuma, akangoja. "Halafu, mwalimu?"

"Halafu basi. Nenda darasani."

Kidomo akamkabidhi yule mdogo chupa yake, akaondoka. Alipofika mlangoni aligeuka kumtazama mara nyingine, kisha akaingia. Mchana ule, kwa ushahidi wa waliokuwamo, alinyoosha mkono kabla ya kusema, akangoja mpaka akaitwa.

Basi ofisi ya walimu ililipuka! Mwalimu wa michezo alimpa mkono kana kwamba ametoka kutua mwezini. Tulipiga meza kama ngoma. Naye mshindi akaketi, akajifuta jasho, akatuhutubia: "Haikuwa rahisi, ndugu zangu. Lakini niliwafikiria watoto." Wala hakuona aibu! Mwalimu Mkuu alimuuliza kama bado anataka kumsimamisha msichana. Akaitoa barua, akaitazama, akaipasua. "Tumpe nafasi," alisema, kama mfalme agawaye mashamba yasiyo yake.

Na hapo shangazi akaingia. Alikuwa na nyuzi kwenye nguo zake, na mkononi begi tupu la kubebea vitabu.

"Nimekuja kumchukua," alisema.

"Keti kwanza, mama," alisema Ngurumo. "Leo binti yako amemshikia mtoto mdogo bomba mpaka akajaza chupa yake. Nimemshukuru."

Shangazi akaketi, akaliweka begi magotini, akaitikia kwa kichwa. Tukamngoja. Naye alikuwa anatungoja sisi.

"Endelea tu, mwalimu," alisema hatimaye. "Mimi nimeshazoea."

"Nimemaliza, mama."

Alimtazama Mwalimu Mkuu, akanitazama mimi, akarudi kwa Ngurumo, akitafuta katika nyuso zetu sehemu iliyobaki. "Mmenifungisha kibanda kwa hilo tu?"

"Kwa hilo tu."

Machozi yakamshuka, akayapangusa kwa lile begi. Tangu mtoto yule aanze shule, hakuna aliyewahi kumwita mama huyu kwa jambo jema, nasi tulikuwa wengi, tena wenye vyeti.

"Hebu rudia, mwalimu," alisema. "Nataka nikamwambie nyumbani kama ulivyosema wewe."

Naye Ngurumo akarudia. Yaandikeni hayo, enyi waandishi wa nyakati, muyaweke mahali pasipofika mchwa: jemadari wa filimbi alisema jema mara mbili kwa siku moja, na shule haikuanguka.