Mkurugenzi Mwenzangu, Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Ujumbe kutoka kwa msajili wa kampuni. Eti taarifa ya mwaka ya kampuni yangu ya majokofu haijawasilishwa. Mwisho Ijumaa, la sivyo inafutwa. Ati ifutwe! Bila kampuni mimi si mkurugenzi tena, ni fundi friji tu. Wanataka saini za wakurugenzi wawili. Wa pili ni mama mkwe. Nilimwandikisha kimyakimya, kitambulisho chake kilikuwa mezani. Hisa nyingi nikazificha kwa jina lake, kaka yangu asije akadai fungu.

Jumanne, 4 Machi
Nimempelekea fomu, nikamwambia ni ombi la maji la mtaa, aweke saini tu. Akaomba miwani. Miwani! Mwanamke huyu husoma hata karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa. Nikadai nimekosea karatasi, nikainyakua, nikamwaga chai yake. Mke wangu akauliza mbona natokwa jasho. Nikasema joto. Nje mvua inanyesha.

Jumatano, 5 Machi
Nimeiga saini yake, imetoka nzuri kuliko yangu. Karani wa msajili akakataa, akasema mama aje mwenyewe. Nikaapa yu mahututi, hata kukaa hawezi. Nageuka, mama mkwe huyo hapo foleni, na mkoba wake! Kumbe jana aliona jina lake kwenye fomu. Karani akanipa pole, akasema mgonjwa wangu amepona haraka.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe amejaza taarifa upya, nami nikasaini, akaiwasilisha mwenyewe. Kampuni imepona! Nimeruka kwa furaha. Jioni akaitisha kikao sebuleni, akasema, mwanangu, usinielewe vibaya, ila wewe rudi kwenye ufundi. Nikapinga. Hisa zikapiga kura. Meneja mpya: kaka yangu. KAKA! Imeniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Kaka amenituma nifagie karakana. Anataka nimwite bosi. Mimi! Nikiwa na ufagio mkononi, akili ikafunguka. Nafungua kampuni yangu ya viyoyozi. Mkurugenzi wa pili atakuwa shangazi wa mke wangu: macho mabovu, hasomi chochote, na kitambulisho chake kimo kabatini kwetu. Sijamwambia, ya nini kumsumbua? Ila safari hii nimekuwa makini. Kaka asipate hata chembe, hisa zote nimemwandikia shangazi.